Maji ya Kuazima kwa Mti wa Mama

Baba yangu mdogo alisema nisijidanganye. Alisema mbele ya watu, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katika kiwanja chetu cha Kavimvira, mjini Uvira, kofia magotini, kwamba mti wa mama hautaona mvua ya kwanza. Jirani yetu anayebadilisha pesa mpakani alisema mti hautibiwi kwa karatasi za shule. Mke wake akaongeza kwamba wanaorudi kutoka nje huwa wanajua kila kitu mwezi wa kwanza, na mwezi wa tatu wanaomba chumvi. Hata motari, dereva wa pikipiki aliyenileta na mizigo yangu kutoka bandarini, mtu asiyenijua kwa jina wala kwa sura, aliutazama mparachichi kutoka juu mpaka chini, akalitazama sanduku langu, akasema, "Hii muti umekuja kuizika, mukubwa. Si kuiponya."

Sina kinyongo nao. Nayaandika maneno yao ili msomaji ajue nilianzia wapi. Niliweza. Wote wanne, pamoja na motari, wamekula maparachichi ya mti ule, na wawili kati yao wamenilipa baadaye niwatibie miti yao. Lakini sikuweza peke yangu, na kwa mtu kama mimi, aliyezoea kusema "nilifanya mwenyewe", sentensi hiyo si nyepesi kuandika.

Karibu kila nilicho nacho nilikitafuta mwenyewe. Niliondoka Uvira kijana mwenye mashati mawili, nikapanda meli ya mizigo kwenda kusini, kisha malori, hadi Lusaka. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha vyungu vya maua. Ya pili ilikuwa kusukuma toroli. Mwaka wa tisa nilikuwa msimamizi wa watunza bustani katika makazi ya watu wenye pesa, penye miti mikubwa kuliko nyumba zenyewe, na jioni nilikuwa darasani. Diploma yangu ya utunzaji wa miti na bustani niliilipia kwa jasho langu. Hakuna mjomba aliyechanga, hakuna padri aliyeniandikia barua. Kule mvua hukatika miezi mingi mfululizo, na kazi yetu ilikuwa kuhakikisha miti mizee inavuka. Mwalimu wetu alituambia siku ya kwanza kwamba mti mchanga ukifa unapanda mwingine, lakini mti mzee ukifa, mtu mzima anakaa juani maisha yake yote yaliyobaki.

Mama yangu alikuwa na mti mmoja tu. Nyumba yetu ni ya matofali na paa la mabati, na chumba chake kiko upande wa ziwa, ambako jua linaingia tangu linapochomoza. Mparachichi, muti wa avoka kama tunavyosema kwetu, ulisimama nje ya dirisha lake na kulifunika bati lote la upande ule. Mama alikuwa ameanza kuvimba miguu, moyo wake unachoka, na daktari alikuwa amemkataza joto. Kumkataza mtu joto Uvira wakati wa kiangazi ni kama kumkataza mvuvi harufu ya samaki. Lakini chini ya mti ule iliwezekana. Kisha dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyomwita kwetu, anayekaa naye, akanipigia simu Lusaka: majani yanaanguka, matawi ya juu yamebaki vijiti, bati linalia mchana kutwa na mama anahema. Watoto wake wengine walijaribu kumhamisha. Mama akajibu kwamba aliingia chumba kile akiwa bibi harusi na hatatoka kwa sababu ya bati. Nikaacha kazi yangu nzuri, nikarudi.

Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba afariki, alikuwa na hoja yake, na haikuwa mbaya. Mti mkavu karibu na nyumba huanguka kwa upepo wa mvua za kwanza, na wa kwanza kuangukiwa angekuwa mama. Alikuwa tayari amemleta fundi wa kukata miti akapima shina kwa kamba. Tukakubaliana hivi: mvua ya kwanza ikinyesha na mti hauna chipukizi hata moja, unakatwa wiki hiyo hiyo. Mvua ilikuwa mbali kama miezi mitatu. Moyoni nilitaka zaidi, lakini nilikuwa nimeshajisifu mbele ya watu wengi kiasi kwamba sikuweza kuomba nyongeza.

Kilichokuwa kinaua mti nilikiona siku ile ile, na kilikuwa changu.

Miaka michache kabla, nilipoongezwa mshahara, nilituma pesa nyumbani ili kiwanja kitiwe simenti. Kwetu mtoto akifanikiwa nje, watu hawaulizi ana nini benki. Wanatazama kama kiwanja cha mama yake kina vumbi. Dada yangu aliisimamia kazi ile kama ya kanisa. Simenti ilianzia mlangoni ikafika ukutani, na pale kwenye mti ikalikaba shina kama kola ya shati. Alinitumia picha kwenye simu. Niliwaonyesha wenzangu kazini, mmoja mmoja, nikiwa na diploma mfukoni, na sikuona kitu isipokuwa simenti nzuri.

Mizizi ya mparachichi inayokunywa haiendi chini sana. Inatambaa karibu na uso wa udongo, mingine myembamba kama uzi, na inafika mbali kama matawi yanavyofika. Chini ya simenti yangu haikupata mvua wala hewa. Mti ulikuwa unakufa kwa kiu katikati ya zawadi.

Nilipomwambia dada kwamba nitaivunja, aliacha kuchambua ndagala, dagaa wa kwetu, akanitazama.

"Uvunje simenti? Bamama ba shirika banasali hapa kila wiki kwa sababu ya hii simenti."

"Nilinunua minye, yaya. Ninavunja minye."

"Weye ulituma pesa. Minye ndiye nililala nje nikilinda mifuko."

Alikuwa amelala nje kweli, siku nne, na mafundi wanajulikana kwa kuiba simenti. Mama ndiye aliyekata shauri, kutoka dirishani, bila kuinua sauti: mwacheni avunje, alisema, maana mtu akivunja kitu chake mwenyewe hakuna wa kumshitaki. Nikamwomba dada msamaha, kisha nikamwomba aniazimie mtaimbo kwa jirani.

Kazi ilichukua siku mbili, kwa sababu sikutaka kukata mizizi niliyokuja kuiokoa. Nilipasua kipande kwa kipande, nikiinua kwa mikono. Watu walijaa kwenye ukuta. Motari walisimamisha pikipiki zao. Walimwona mtu aliyerudi kutoka nje akivunja simenti ya mama yake, kitu ambacho hakijawahi kuonekana Kavimvira, na nilisikia mmoja akiwaeleza wenzake kwamba Zambia kuna dawa fulani watu wanavuta. Chini ya simenti udongo ulikuwa mgumu kama tofali, wenye rangi ya majivu. Lakini nilipokwangua gome la shina kwa ukucha, ndani palikuwa na kijani, hafifu, kama kijani cha ganda la ndizi mbichi. Nilimwita dada aje aone. Aliona, akaenda kuniletea uji.

Baada ya hapo nilifanya yote niliyosomea. Baba mdogo alikuwa amekata matawi ya chini ili kupunguza uzito, na jua lilikuwa linalichoma shina lililobaki wazi, kwa hiyo nikalipaka chokaa. Mke wa mbadilisha pesa akasema nimeuvalisha mti soksi, akauliza viatu vinafika lini. Niliyatoa matunda machanga yote, maana mti unaokufa huzaa sana, na mgonjwa habebeshwi mzigo. Nilichimba mfereji mwembamba pale matawi yanapoishia, mbali na shina, maana kumwaga maji kwenye shina ni sawa na kumnywesha mtu kwa kumwagia mgongoni. Nilitoboa bidoni kuukuu, yaani madumu ya plastiki, kwa msumari, tundu dogo moja moja, nikazipanga kwenye mfereji ili maji yaingie polepole yaende chini, mara moja kwa wiki lakini kwa wingi, badala ya kikombe kikombe kila siku. Kisha nikafunika udongo wote kwa makapi ya mpunga kutoka mashine za kukoboa za uwandani, na majani makavu, unene wa kiganja, nikiacha nafasi kuzunguka shina.

Jambo moja watu hawakulielewa kabisa. Ziwa liko pale, mtu analiona kutoka dirishani, na mimi nahangaika na robine ya mtaa inayotoa maji mara mbili kwa wiki. Walicheka sana. Lakini maji ya Tanganyika yana chumvi yake. Mtu haisikii mdomoni. Mparachichi unaisikia, hasa maji yakikauka juani wiki baada ya wiki na kuiacha udongoni, na ncha za majani yaliyobaki zilikuwa tayari zimeungua. Nilijua hilo. Sikumweleza mtu. Nasema ukweli: nilifurahia kuwa mtu pekee mtaani anayejua.

Mwezi wa pili wa kazi hiyo majani yaliacha kuanguka. Niliinua makapi nikakuta chini pana unyevu na mizizi mipya myeupe, mifupi kama kucha za mtoto. Nikaanza kutembea kifua mbele. Nikapanda Rurambo kununua samadi ya ng'ombe, ile kuukuu, niiweke tayari kwa ajili ya mvua, maana wakati wa kiangazi mti haulishwi, unanyweshwa tu. Nililala kule siku mbili kwa watu wa ukoo wa mama.

Nilipokuwa mlimani, mama alizidiwa, dada akamkimbiza kituo cha afya. Habari ilifika kwa bamama ba shirika, wale wa jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki, ambao hukusanyika kwetu. Kwetu mgonjwa akipelekwa hospitali hawamwachii kiwanja kichafu akirudi. Ni aibu kwa mtaa mzima. Walikuja kumi na zaidi, na mafagio, na majembe. Wakakuta chini ya mti takataka za unene wa kiganja. Wakaziondoa zote. Walifagia mpaka udongo ukang'aa, wakakwangua kwa jembe pale palipong'ang'ania, na ile mizizi mipya ikaenda pamoja na makapi. Wakachoma lundo lote. Halafu wakafua mashuka ya mama kwa sabuni na javeli ya kung'arishia, na maji ya kufulia, kwa huruma yao, wakayamwaga kwenye mti ili nao upate kunywa.

Nilirudi na gunia la samadi nikakuta kiwanja kinang'aa kama sahani. Nikakaa chini. Kabla sijajua niseme nini na kwa nani, gari likamleta mama. Wanawake walikuwa wamesimama mlangoni wakisubiri. Mama akashushwa, akaangalia huku na huku, machozi yakamtoka. "Mmenifagilia," alisema. "Mungu awafagilie njia zenu." Basi ningesema nini? Nilisema aksanti. Nilisema pamoja na mama, nikawapa mkono mmoja mmoja, na moyo wangu ulikuwa unaungua pamoja na lile lundo.

Wiki ile ile majani yalianza tena kuanguka. Na kana kwamba haitoshi, bomba kubwa linaloshuka kutoka milimani likapasuka, robine ya mtaa ikakauka kabisa, na hakuna aliyejua itatengenezwa lini. Nilinunua maji mpaka akiba yangu ikaanza kuonyesha mifupa. Nilimwagia mti maji ya kuoga yasiyo na sabuni. Mama alilala na kitambaa chenye maji kifuani, na mchana niliposimama karibu na dirisha lake nilisikia bati likilia kwa joto na yeye akihema chini yake. Baba mdogo alipita, akautazama mti, hakunikejeli. Hilo liliniogopesha kuliko kejeli.

Jumapili moja baada ya misa, mama mkuu wa shirika alikuja kumjulia mama hali. Ni mfanyabiashara wa ndagala, mwanamke mnene wa sauti nzito, anayeweza kupanga bei ya soko zima akiwa amekaa. Alinikuta nikimimina beseni kwenye mfereji. Akauliza kwa nini mti umenyauka hivi, wakati walipofanya kazi ulikuwa na nafuu. Nikamweleza. Nilimweleza kwa sauti ya darasani, na uchungu wote: makapi yalikuwa blanketi, mizizi ilikuwa imeanza kurudi, jembe limeikata, javeli imeichoma. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Na ulituambia lini?" akauliza.

Nikalitazama beseni langu.

"Minye nauliza. Tunakuja hapa kila wiki. Ulituambia lini kama hii takataka iko dawa? Muntu anarudi na akili yote hii, anaifungia mu sanduku, halafu anakasirikia bantu benye habana ufunguo."

Nimepewa mitihani mingi maishani na nimefaulu karibu yote. Ule nilianguka, pale pale, beseni mkononi. Nilimwambia kosa ni langu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea bei sawa, akaniuliza mti unahitaji bidoni ngapi kwa wiki. Nikamtajia. Akapiga mluzi.

Jumamosi iliyofuata walikuja, kila mmoja na bidoni kichwani au mgongoni, maji waliyoyateka juu mtoni alfajiri kabla hayajachafuka. Nilianza kutoa shukrani zangu ndefu. Mama mkuu akanikatiza.

"Tusikilizane, mwanangu. Hatukupi. Tunakukopesha. Nikimwambia bwana yangu nimegawia muti maji mu kiangazi hiki, atanirudisha kwetu. Nikimwambia nimekopesha, atauliza tu italipwa lini."

Wenzake wakacheka, lakini hakuwa anatania. Kila bidoni ilikuwa na alama yake, kitambaa chekundu, uzi wa bluu, kifuniko cha mti, na kila mwenye bidoni alitaka niitazame alama hiyo vizuri. Walikuja hivyo kila Jumamosi hadi mwisho wa kiangazi. Safari hii nilifungua sanduku. Niliwaonyesha kwa nini mfereji uko mbali na shina. Niliwaonyesha mizizi. Kabla ya wiki ya tatu walikuwa wanaletana majani ya migomba na makapi kutoka kwa ndugu zao uwandani, na mtu akipita na fagio karibu na mti alikuwa anafokewa na kumi.

Mmoja wao alikuwa bibi mjane kutoka Lubarika, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Kirundi nusu, na aliyekaa peke yake katika chumba cha kupanga nyuma ya kinu cha kusaga unga. Siku aliyokuja, bidoni yake ilikuwa nusu. Alisema nusu nyingine ni ya kunywa. Koko, yaani bibi, nilimwambia, baki nayo yote, mti hautakufa kwa nusu bidoni. Akanitazama kama niliyemtukana, akaimimina mwenyewe kwenye mfereji, tone kwa tone, akiwa ameinama.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, kubwa, ya radi, na harufu ya vumbi lililolowa ikaingia hadi vyumbani. Siku ya tatu yake baba mdogo alifika na fundi wa kukata miti, mashine begani, kamba, na vijana wa kubeba magogo. Kutoka chini mti ulikuwa vijiti tu na majani machache ya kahawia. Nilikuwa nimeukagua kila siku na sikuona kitu. Sikubishana. Nilikuwa nimetoa neno langu. Niliingia ndani nikamwambia mama asogeze kitanda mbali na dirisha, naye akakisogeza bila kuuliza. Alijifunika shuka usoni.

Fundi alipanda kwanza kufunga kamba juu, ili tawi kubwa lisianguke kwenye bati. Alipanda polepole, tukamwona miguu, kisha tukamwona nusu, kisha akasita mahali matawi yanapogawanyika. Mtu huyu alikuwa analipwa kwa kukata. Alikuwa amepanga mbao za mti ule kichwani tangu mwezi wa sita. Angeweza kufunga kamba yake na kushuka.

"Baba," akasema kutoka juu, "huku kuna macho ya chipukizi."

Baba mdogo akauliza, "Mangapi?"

"Sina vidole vya kutosha. Mekundu mekundu, hivi, kama ulimi wa mutoto."

Baba mdogo alivaa kofia yake. Alikaa nayo kichwani kidogo, akaivua tena. "Basi shuka," akasema. "Shuka polepole usiyavunje."

Fundi alikataa malipo, akaomba nauli ya pikipiki tu. Nilimpa nauli na nusu yake, na mpaka leo nikipata mti unaohitaji kupunguzwa namwita yeye, hakuna mwingine. Baba mdogo aliondoka kofia mkononi. Kesho yake motari alileta magunia mawili ya makapi ya mpunga, akasema mzee amesema yawekwe mahali pake. Nilipoingia kumwambia mama, alikuwa tayari amerudisha kitanda dirishani.

Miezi miwili baadaye mti ulikuwa na kivuli cha kumtosha mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mama yangu. Nilitaka kuwalipa wakopeshaji wangu mara moja. Nilijaza bidoni zote, nikaanza na mama mkuu wa shirika. Alinikuta nalowa mlangoni kwake, mvua inanyesha, bidoni ya maji mkononi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Unanilipa maji na mvua iko inanyesha? Maji ya kiangazi inalipwa kiangazi, mwanangu. Rudi nyumbani, ujikaushe."

Wote walisema hivyo hivyo. Deni la maji haliishi kwa maji yoyote tu. Linaisha kwa maji ya siku ngumu kama ile yalipotolewa. Basi nikasubiri, na kusubiri ukiwa na deni kulinifundisha kusalimia watu. Kazi zilikuja: watu waliouona mti ule waliniita kwao, kwa mbadilisha pesa kwanza, kisha Kalundu, kisha Mulongwe, kote ambako simenti ilikuwa imekaba miti. Nadhani nimevunja simenti nyingi za watoto waliofanikiwa kuliko mtu yeyote wa mji huu, na ninalipwa vizuri. Kwa pesa hizo nilinunua tangi kubwa, nikaweka mifereji ya bati pembeni mwa paa, likajaa maji ya mvua za msimu ule ule. Kisha nikafunga bomba lake kwa kufuli, ufunguo nikampa dada, kwa sababu nilijijua: ningeyamalizia miti kabla ya siku ya kulipa.

Kiangazi kilirudi kama kawaida yake. Mwezi wa nane robine ikakauka siku kumi. Jumamosi asubuhi dada alifungua kufuli. Tulijaza bidoni, tukazipanga kwenye pusupusu, na tukaenda nyumba kwa nyumba, mimi nikisukuma, yeye akishikilia zisianguke. Wengi hawakutarajia. Mmoja alikuwa amesahau kabisa, akasema hanidai, na dada akamtajia alama ya bidoni yake mpaka akakumbuka. Mama mkuu wa shirika alipokea, akaonja maji kwa kiganja, akasema ya mvua ni matamu, akamwita mumewe atoke nje aone kwamba miti nayo inalipa madeni. Mumewe akatoka, akasema yeye hakuwahi kusema neno. Tukacheka wote watatu pamoja naye.

Tulimaliza kwa bibi wa Lubarika, nyuma ya kinu. Nilimshushia bidoni iliyojaa hadi shingoni. Akaipima kwa jicho, akaingia ndani, akatoka na bidoni tupu na jani la mgomba alilolikunja kama mrija.

"Nilikukopesha nusu," akasema.

Nilimwambia nusu nyingine ni shukrani.

"Shukrani nilikula. Yalikuwa matamu." Maana nilikuwa nimempelekea maparachichi ya kwanza ya mti ule, manne. "Lete hapa."

Akaweka kidole ubavuni mwa bidoni yake, pale katikati, akanitaka nimimine mpaka kidole chake kifikiwe, polepole, nisipoteze hata tone. Dada alishika jani. Maji yalipofika kidoleni akanizuia, akafunga kifuniko, akanirudishia kilichobaki.

"Sasa tuko sawa," akasema. "Mwaka kesho nikikosa, nitakuja kugonga kwako bila haya."

Nikamwambia mlango uko wazi. Akaingiza bidoni yake ndani, akarudisha pazia kuzuia vumbi la kinu. Dada akageuza pusupusu, ambayo sasa ilikuwa nyepesi, akaisukuma mwenyewe, na mimi nikamfuata nyuma na nusu bidoni mkononi. Katika Kavimvira yote hapakuwa na mtu aliyenidai.